Kuitwa Kuchimba si Kuitwa Kushauri

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Mazungumzo yetu wanafunzi kuhusu mazingira huwa mafupi. Mmoja anasimama na kukumbusha kwamba binadamu ni khalifa katika ardhi, mwingine anataja fadhila za mwenye kupanda mti, tunapanga siku ya kupanda miche pembeni ya msikiti wa chuo, tunapiga picha, tunarudi bwenini. Hakuna ubaya katika hayo, na mti ni sadaka kwa kila atakayekula tunda lake au kupumzika kivulini mwake. Lakini kuna swali ambalo huwa tunalipita haraka. Watu wanapotakiwa kutunza kwa pamoja kitu kinachowagusa wote, kama vile kilima, msitu, bonde au mto, nani ana haki ya kuamua kitunzwe vipi? Na hasara ya kukitunza imwangukie nani?

Nitalijibu swali hilo kwa mifano ya sehemu ninazozifahamu. Kwa baba ni Gishubi, katika mkoa wa Gitega. Kwa mama ni Muyinga, kaskazini mashariki. Nimekulia kati ya sehemu hizo mbili, na nimeona kwamba jambo la udongo na maji ni jambo la watu kwanza.

Maji hayajui mipaka ya mikoa

Burundi ni nchi ndogo ya kilomita za mraba 27,834. Sensa ya 2008 ilihesabu watu 8,053,574, na tangu wakati huo tumeongezeka sana. Wengi wetu tunaishi vilimani na tunalima kwenye miteremko. Shamba la babu limegawanywa kwa watoto, la mtoto limegawanywa kwa wajukuu, mpaka kipande kinachomwangukia kijana wa leo hakizidi upana wa uwanja wa mpira. Mvua ikinyesha kwenye mteremko uliolimwa mpaka ukingoni, udongo wa juu, ule wenye rutuba, unateremka nayo.

Unakwenda wapi? Kutoka vilima vya Gitega maji yanaingia Ruvyironza na Ruvubu. Ruvubu inazunguka kuelekea kaskazini mashariki, inapita Karuzi na kugusa Muyinga, inaingia Tanzania, na pale Rusumo inakutana na Nyabarongo kuwa Kagera. Kagera inamwaga ziwa Victoria, na baada ya hapo ni Nile mpaka Misri. Ndiyo kusema, kijana wa Gishubi akilima vibaya, mtu wa kwanza kunywa tope lake ni mjomba wake wa Muyinga, na wa mwisho ni Mwislamu mwenzake wa Cairo asiyemjua kabisa.

Utawala nao umebadilika. Kwa mpango mpya uliopitishwa mwaka 2023 na kuanza kutumika 2025, mikoa 18 imekuwa mitano, na tarafa 119 zimekuwa 42. Gishubi imebaki tarafa ndani ya Gitega, lakini ni tarafa kubwa kuliko ile ya zamani. Muyinga imeacha kuwa mkoa na sasa ni tarafa katika mkoa wa Buhumuza. Sisemi kwamba mpango huo ni mbaya au mzuri. Nasema ofisi ikisogea mbali na kilima, sauti ya mkulima inahitaji njia ndefu zaidi kufika, na kwa hiyo mambo yanayoamuliwa kilimani kwenyewe yanazidi kuwa na uzito.

Jumamosi asubuhi

Kwetu Jumamosi asubuhi ni siku ya kazi za pamoja, ibikorwa rusangi. Watu wanatoka na majembe. Tangu mwaka 2018 ulipoanza mradi wa kitaifa wa Ewe Burundi Urambaye, yaani Burundi uvae nguo, sehemu kubwa ya kazi hizo imekuwa kupanda miti na kuchimba makinga maji.

Kwa asiyejua, kinga maji ni mtaro unaokata mteremko ukifuata usawa wa kilima, ili maji ya mvua yasimame na kuzama ardhini badala ya kukimbia na udongo. Juu ya tuta lake hupandwa majani ya tembo, ambayo mizizi yake hushika udongo na majani yake hulisha mbuzi na ng'ombe. Ni kazi nzuri. Lakini ina sharti moja: mtaro uende sawa na upite kwa kila mtu. Akikataa mmoja, maji ya wote waliokubali yanakusanyika na kutokea pale ulipokatika.

Hilo ndilo lililompata shangazi yangu. Mtaro wa upande wao ulichimbwa na watu wengi kwa Jumamosi kadhaa, naye hakukosa hata moja. Ulipofika kwenye migomba ya mtu mmoja mwenye uwezo, anayeishi mjini, ukaishia hapo, kwa kuwa mwenyewe hakutaka shamba lake likatwe na hakuna aliyethubutu kumlazimisha. Mwisho wa mtaro ukawa juu kidogo ya maharage ya shangazi. Mvua za kwanza zikaleta maji ya nusu kilima kwenye kishamba chake, na yale maharage yakaenda.

Usiku mmoja shangazi akachukua jembe akafukia kipande cha mtaro kilichokuwa juu yake. Mvua iliyofuata maji yakapasua mahali pengine, kwa jirani ambaye hakuwa na kosa lolote. Akaitwa mbele ya wajumbe wa baraza la kilima. Akakubali kwamba amefukia. Kisha akasema neno ambalo mpaka leo sijapata jibu lake jepesi: kwamba walipotaka mikono walimwita kila wiki, lakini walipotaka kujua maji ya kilima hiki hupita wapi hawakumwuliza hata siku moja, ilhali yeye amelima hapo miaka thelathini.

Je, alikosea? Ndiyo, kwa sababu alimdhuru jirani. Lakini je, kosa lilianza kwake?

Jahazi na maji ya kunywa

Sote tunaijua Hadithi ya An-Nu'man bin Bashir (R.A.) katika Sahihi ya Bukhari, ambamo Mtume (S.A.W.) aliwapigia mfano watu waliogawana nafasi katika chombo cha baharini kwa kura. Baadhi walipata juu, baadhi chini. Wa chini walipohitaji maji walilazimika kupanda na kupita kwa wa juu. Wakaona bora watoboe tundu katika sehemu yao ili wasiwasumbue wenzao. Mtume (S.A.W.) akaeleza kwamba wa juu wakiwaacha wataangamia wote, na wakiwashika mikono wataokoka wote.

Makhatibu wetu huitumia Hadithi hii kuhimiza kukatazana maovu, na ndiyo maana yake ya wazi. Shangazi alitoboa tundu, na waliomshika mkono walifanya sawa. Lakini mfano wenyewe umetuambia pia kwa nini wale wa chini walishika shoka. Walikuwa na kiu ya kweli, maji yalikuwa upande wa wengine, na njia ya kuyafikia ilikuwa ni kuwaudhi wakubwa. Anayemshika mkono mwenye kiu bila kumfungulia njia ya maji ameokoa chombo kwa siku ile tu, kwa maana kesho kiu itarudi.

Huu ndio moyo wa swali la utunzaji wa pamoja. Kanuni zinahitajika na lazima ziwafunge wote. Lakini kanuni inayomwacha mwenye migomba na kumbana mwenye maharage itafukiwa usiku, na tutakapomkamata aliyefukia tutadhani tatizo letu ni ukaidi wa wanakijiji. Wazee walisema kamba hukatikia pembamba.

Shura ya wenye tende

Katika Uislamu kuchimba na kushauri vilikwenda pamoja. Mwaka wa tano wa Hijra, Madina ilipokuwa inakaribia kuzingirwa, wazo la kuchimba handaki lilitoka kwa Salman Al-Farisi (R.A.), mgeni aliyetoka Uajemi, asiye na kabila mjini pale. Lilipokubaliwa, Mtume (S.A.W.) aligawa sehemu za kuchimba kwa makundi, na yeye mwenyewe akachimba mpaka vumbi likafunika ngozi ya tumbo lake. Aliyechimba alijua kwa nini anachimba, na ushauri wa mnyonge ulikuwa umesikilizwa.

Katika vita hivyohivyo wanazuoni wa sira wanasimulia jambo jingine. Mtume (S.A.W.) alifikiria kuwapa Ghatafan theluthi ya tende za Madina ili waondoke. Kabla ya kukamilisha aliwaita Sa'd bin Mu'adh na Sa'd bin Ubada (R.A.), viongozi wa wenye mashamba, akawataka ushauri. Wakauliza kama hiyo ni amri ya Mwenyezi Mungu, au ni rai yake kwa ajili ya kuwahurumia. Walipojua ni rai, wakasema hawako tayari kutoa, naye akaliacha. Tazama: mtu anayepokea wahyi hakutoa tende za watu bila kuwauliza wenye tende. Nani kati yetu, awe mtaalamu, mfadhili au kiongozi, ana sababu nzuri kuliko hiyo ya kuruka ushauri?

Wapo watakaosema wananchi huamua vibaya. Naam, wakati mwingine. Kabla ya Uhud Mtume (S.A.W.) aliwashauri Maswahaba, akafuata rai ya wengi waliotaka kutoka nje ya mji, na siku ile iliishia kwa majeraha na mashahidi sabini. Aya ya 159 ya Surat Aal Imran ilishuka baada ya hayo, nayo ikamwamuru awasamehe na aendelee kushauriana nao. Kama kuna siku ambayo shura ingefutwa kwa sababu ya matokeo mabaya, ni siku ile, na haikufutwa.

Hima: malisho ya nani?

Kuna asemaye kwamba kitu cha wote hakina mwenyewe, na dawa yake ni kukichukua na kukizungushia uzio. Mwaka 1968 mwanasayansi Mmarekani Garrett Hardin aliandika makala iliyosomwa duniani kote, akichora malisho ya wazi ambamo kila mfugaji anaongeza mnyama mmoja mpaka malisho yanakufa. Miaka mingi baadaye Elinor Ostrom, katika kitabu chake cha 1990, alionyesha kwamba Hardin alichora malisho yasiyo na kanuni, ilhali jamii nyingi zina kanuni. Alichunguza wakulima wa milima ya Uswisi na vijiji vya Japani, na wamwagiliaji wa Hispania na Ufilipino, akaona yanayodumu: mipaka inayojulikana, watumiaji kushiriki katika kubadilisha kanuni, walinzi wanaowajibika kwa watumiaji, na adhabu zinazoanza ndogo na kupanda. Mwaka 2009 alipata Tuzo ya Nobeli ya uchumi, mwanamke wa kwanza kuipata.

Sisi tulikuwa na somo hilo mapema. Wakati wa Jahiliyya mkubwa wa kabila aliweza kujitengea malisho kuwa yake peke yake, na huku akiendelea kulisha pamoja na wengine kwingineko. Mtume (S.A.W.) aliifuta hima ya namna hiyo, akaibakisha kwa maslahi ya umma tu, ndivyo An-Naqi' ilivyotengwa. Umar bin Al-Khattab (R.A.) naye akatenga Ar-Rabadha na Ash-Sharaf.

Na hapa ndipo penye johari. Bukhari amepokea maagizo ya Umar kwa Hunayy, aliyemweka kusimamia hima. Alimwagiza awe mpole kwa watu na aogope dua ya aliyedhulumiwa. Akamwagiza amruhusu mwenye ngamia wachache na kondoo wachache aingie, na ajihadhari na mifugo ya Ibn Auf na Ibn Affan. Hao ni Maswahaba wakubwa, wema na matajiri! Umar akatoa sababu: tajiri wanyama wake wakifa atarudi kwenye mitende na mashamba yake, lakini maskini wake wakifa atakuja na watoto wake kuomba, na nyasi na maji ni rahisi kutoa kuliko dhahabu na fedha. Kisha akakiri kwamba watu wa pale wanaona amewadhulumu, kwa kuwa ile ni nchi yao, waliipigania kabla ya Uislamu na wamesilimu wakiwa juu yake.

Hayo ni mambo manne: upole wa msimamizi, maskini kwanza, tajiri abanwe kwanza, na mtawala akiri kinywani mwake kwamba ardhi ina wenyewe na wana haki ya kulalamika. Angekuwepo Hunayy kilimani kwetu, mtaro ungeanza kupita kwenye migomba.

Ruvubu, Babati na Misali

Sasa tuangalie mifano mitatu ya kanda yetu.

Wa kwanza ni Ruvubu. Mwaka 1980 bonde la mto huo liliwekwa chini ya hifadhi, na leo ni mbuga ya taifa kubwa kuliko zote Burundi, takriban hekta 50,000, ikigusa iliyokuwa mikoa ya Karuzi, Muyinga, Cankuzo na Ruyigi. Kuna nyati, viboko, nyani na ndege wa aina nyingi, na hapana shaka bila hifadhi hiyo bonde lingekuwa limekwisha. Lakini familia zilizoishi ndani yake zilihamishwa, na waliobaki pembezoni waliamka wakaambiwa kwamba kuni, asali, nyasi za kuezeka na samaki wa juzi sasa ni kosa. Upande wa kwa mama nimesikia watu wazima wakiitaja mbuga hiyo kwa lugha ya kumtaja jirani mkali. Hawaichukii miti. Wanakumbuka tu kwamba hakuna aliyewaambia neno kama la Umar.

Wa pili ni Duru-Haitemba, wilaya ya Babati, Tanzania. Ni msitu wa miombo wa takriban hekta 9,000. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulikuwa katika mpango wa kufanywa hifadhi ya Serikali. Wanavijiji walipinga, na kwa sababu waliona utachukuliwa, wengi waliharakisha kukata walichoweza. Mpango ukabadilishwa: vijiji vinane vikapewa kila kimoja sehemu yake, vikaweka mipaka, sheria ndogo na walinzi wake vyenyewe. Waliokuwa wakikata ndio wakawa wanalinda. Miti ilikuwa ileile na watu walewale. Kilichobadilika ni jibu la swali la nani anaamua. Sheria ya misitu ya Tanzania ya 2002 ikaja kuupa utaratibu huo nguvu nchi nzima.

Wa tatu ni Misali, kisiwa kidogo magharibi ya Pemba. Wenyeji wanasimulia kwamba Nabii Khidhri alifika pale akaomba msala, na ulipokosekana akasema kisiwa chenyewe ni mithali ya msala, ndipo kikaitwa Misali. Mwaka 1998 kisiwa na matumbawe yake vilitangazwa eneo la hifadhi linaloshirikisha wavuvi. Baadhi walikuwa wakivua kwa njia haramu zinazovunja matumbawe, na makatazo ya Serikali peke yake hayakuwagusa. Taasisi ya Kiislamu ya ikolojia iliyoasishwa na Fazlun Khalid, pamoja na shirika la CARE, wakafanya kazi na maimamu, walimu wa madrasa na wavuvi wenyewe, wakirejea mafundisho ya khalifa, mizani na kuepuka israfu. Maneno ya dini yalifika pale ambapo maneno ya ofisi yalikuwa hayafiki.

Lakini tusiuchukue mfano wa Misali nusu. Zipo hotuba nyingi za Ijumaa zinazomwambia maskini asikate mti, na chache zinazomwambia tajiri aruhusu mtaro upite. Dini ikitumika kumtuliza mwenye kiu peke yake, inakuwa uzio mwingine. Nguvu ya Misali ilikuwa kwamba wavuvi walikuwa ndani ya mpango wenyewe, si ndani ya msikiti tu wakisikiliza.

Wasiokuwepo mkutanoni

Hata tukikubali shura, swali linabaki: nani yumo? Nimehudhuria mikutano ya kilima. Wanaozungumza ni wanaume wenye mashamba. Nawataja wanne wasiosikika.

Kwanza ni Batwa. Katiba ya 2005 iliwatengea viti vitatu katika Bunge la Taifa, na hilo ni jema, lakini wengi wao kilimani hawana ardhi. Kazi yao ya asili ni ufinyanzi, na udongo wa vyungu unachimbwa mabondeni. Bonde likigawiwa kwa kilimo cha mpunga kwa jina la maendeleo, mfinyanzi hapotezi shamba, kwa kuwa hakuwa nalo. Anapoteza udongo, na hakuna daftari lililoandika udongo. Mtume (S.A.W.) alifundisha kwamba watu ni washirika katika maji, malisho na moto. Sijui tutajibu nini tukiulizwa ushirika huo ulikwenda wapi.

Pili ni wanawake. Wao ndio wanaoteka maji, wanaookota kuni, wanaolima. Lakini mirathi ya ardhi nchini kwetu inaendeshwa na mila, na mila humpa mtoto wa kiume. Mtume wetu alikuja na Qur'ani inayompa binti fungu lake kwa jina na kiasi, katika Surat An-Nisaa, na bado nimeona nyumba za Waislamu zikifuata mila katika shamba na sheria ya Mwenyezi Mungu katika mambo mengine. Asiye na fungu shambani hana sauti mtaroni.

Tatu ni waliorudi. Waliokimbilia Tanzania mwaka 1972 na watoto wao waliporejea walikuta wengine wamekaa kwenye ardhi yao. Tume ya ardhi na mali nyingine iliundwa 2006 kwa mambo hayo. Mtu ambaye hajui kama shamba litabaki lake atapanda maharage ya miezi mitatu. Hatapanda mti wa miaka ishirini. Usimwite mvivu.

Nne ni watu wa chini ya mto. Kilima chote cha Gishubi kinaweza kukaa, kikashauriana kwa uadilifu, kikakubaliana jambo linalopeleka tope Muyinga. Hapo shura yao itakuwa halali kwao na dhulma kwa wengine. Katika kesi ya Zubayr (R.A.) na Ansari mmoja juu ya mfereji wa Al-Harra, Mtume (S.A.W.) alimwelekeza Zubayr, aliyekuwa juu, amwagilie kisha amwachie jirani. Ansari alipopinga kwa kumtuhumu kwamba anapendelea ndugu, ndipo Zubayr akapewa haki yake kamili. Tunajifunza kwamba wa juu ana haki, na pia kwamba hukumu ya kwanza, ile ya upole, ilikuwa kuchukua pungufu ya haki yako kwa ajili ya aliye chini. Kiasi cha shura kinapimwa kwa umbali unaofika madhara.

Mwenye kudhulumiwa naye ana amana

Najua kuna ndugu atakayesoma hadi hapa aseme: basi kama hatukushauriwa, hatudaiwi. Kanuni tuliyoletewa bila kuulizwa tuivunje.

Hapana. Kilima hakikuumbwa na baraza la kilima. Ni amana ya Mwenyezi Mungu, na amana haianguki kwa sababu mshirika mwenzako amekosa adabu. Kanuni inayojulikana ya fiqhi ni kwamba hakuna kujidhuru wala kudhuru, na madhara hayaondolewi kwa madhara mengine mfano wake. Shangazi alipofukia mtaro aliyahamisha madhara kwa jirani, ndiyo maana nimesema alikosea. Njia iliyokuwa wazi kwake ilikuwa ngumu zaidi: kusema hadharani, mapema, na kumtaja mwenye migomba.

Lakini kumwambia mjane akabiliane peke yake na mwenye mali ni kumtwisha mzigo usio wake. Wajibu wa kwanza wa kusema ulikuwa wa wale wanaoweza kusema bila kupoteza chochote. Kwa haki, walikuwemo waliofanya hivyo mwishowe. Mzee mmoja miongoni mwa bashingantahe alimwomba shangazi atembee naye kilimani wakati mvua inanyesha, amwonyeshe kwa kidole maji yanakopita. Mstari ukapimwa upya, shimo la kupokea maji likachimbwa kabla ya kufika kwake, na jirani aliyepata hasara akalipwa mbegu. Migomba haijaguswa hadi leo. Sikuahidi hadithi yenye mwisho mtamu, na shimo lile likijaa udongo jambo litarudi.

Kazi yetu

Tufanye nini sisi wenye vitabu? Napendekeza matatu.

Kabla ya kupanda, tuulize. Ukienda likizo kijijini na kikundi cha miche, anza kwa kuuliza wanaoishi pale wanataka mti gani, wapi, na nani atauvuna. Vilele vingi vya Burundi vimejaa mikaratusi, mti unaokua haraka na kunywa maji mengi. Anayejua kama chemchemi ya chini imepungua ni mama anayeteka.

Tuzisome sheria na kuzieleza. Sheria ya ardhi ya 2011 iliwezesha tarafa kutoa hati za ardhi, na mkulima mwenye hati anathubutu kusema. Wanaosoma sheria miongoni mwetu wanaweza kutumia Jumamosi mbili kumsaidia mwanamke mmoja kujua taratibu, na hiyo ni ibada.

Na turudishe ikibiri kwenye maana yake. Wazee wetu walikuwa na ikibiri, kazi ya kusaidiana ambapo leo tunalima kwako na kesho kwangu, na aliyekuja kwako anajua utakuja kwake. Kazi ya Jumamosi inaweza kuwa ikibiri au inaweza kuwa shokoa. Jembe ni lilelile. Tofauti inaonekana mtu anaponyoosha mkono kuuliza mtaro huu unaishia kwa nani, na baraza likanyamaza kumsikiliza.

Tukimaliza masomo, baadhi yetu tutakuwa wale wanaopima mstari: maofisa, wahandisi, walimu, pengine wenye migomba inayoishi mjini. Siku hiyo tuyakumbuke maagizo ya Umar kwa Hunayy, na tuogope dua ya yule tuliyemwita kuchimba tu.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa waaminifu wa amana yake, na awarehemu wanaolima kwenye miteremko. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.